Kisima kimeingia chumvi kando ya mto Pangani, nichimbe kirefu zaidi?

"Habari za kazi kaka mtaalamu. Mimi nina shamba dogo kando ya mto Pangani, juu kidogo ya mjini, upande huu wa Bweni. Nalima mchicha, bamia na maharage kidogo, na minazi ya marehemu baba ipo. Nilikuwa namwagilia kwa mashine ya petroli kutoka mtoni saa kumi na mbili asubuhi kila siku, lakini tangu mwezi wa kwanza siku nyingine maji ni tamu siku nyingine ni chumvi kabisa, mchicha unaungua ncha za majani. Nikahamia kwenye kisima changu cha pete, futi ishirini, nacho baada ya jirani kuweka pampu ya sola kimeanza kuwa na ladha. Tunachemsha lakini chumvi haiondoki. Mjomba anasema barafu ya Kilimanjaro imeisha ndo maana mto unakufa. Wengine wanasema wanafunga maji kwenye bwawa la Nyumba ya Mungu wakitaka. Kijana wangu wa kidato cha tatu ameangalia ramani anasema maji ya Ruvu yanavutwa Dar ndo maana hatufikiwi. Kuna fundi amesema chini kuna mto wa maji baridi, nimpe hela achimbe mita 60, anataka advansi wiki hii. Nimpe?"

Nzuri dada, pole na mchicha. Nianze na la hela maana hilo ndo lina haraka: usimpe bado. Sisemi fundi ni tapeli, inawezekana ni mchimbaji mzuri tu, ila kwa hayo uliyoyaeleza kwenda chini mita 60 hapo ulipo kuna uwezekano mkubwa wa kununua maji ya chumvi kwa bei ya maji tamu, na sababu yake nitakueleza taratibu. Kwanza tumalize ya mjomba, ya bwawa na ya kijana wako, kwa sababu ukishajua chumvi inatoka wapi utaamua mwenyewe bila kunisubiri mimi.

Mjomba yuko sahihi nusu. Barafu ya Kibo kweli inaisha, zaidi ya asilimia 85 ya ile iliyokuwepo mwaka 1912 imeshaondoka, hilo halina ubishi. Ila mto wako hauishi kwa barafu. Kule juu hewa ni kavu na jua ni kali, sehemu kubwa ya barafu inageuka mvuke moja kwa moja hata haijawa maji ya kutiririka. Maji yanayoshuka Kilimanjaro karibu yote yanatokana na ule mkanda wa msitu katikati ya mlima, mvua inanyesha pale na ukungu unanaswa na miti na kuvumwani, maji yanazama kwenye miamba ya volkano halafu yanatokea chini kabisa kama chemchemi, ndo hizo za kina Miwaleni na Chemka ambazo watu wanakwenda kuogelea. Meru nayo inatoa yake. Kwa hiyo anayetaka kuogopa aogope moto na shoka kwenye msitu, kwa maji yetu hiyo ni hatari kubwa kuliko barafu kuisha.

Kijana wako mpe hongera kwa kuangalia ramani, watoto wengi hawaangalii. Tatizo ni kwamba Ruvu ziko mbili. Ruvu inayohusika na Pangani inatokea Ziwa Jipe, kule mpakani na Kenya, inaingia Nyumba ya Mungu ikikutana na Kikuletwa inayoshuka kutoka Meru na upande wa kusini wa Kilimanjaro. Ruvu inayoinywesha Dar ni nyingine kabisa, inatoka milima ya Uluguru kule Morogoro, inaingia baharini karibu na Bagamoyo, wala hazijuani. Na akipenda mwambie aendelee na ramani hiyohiyo afuate tone la mvua linakwenda wapi, atashangaa: mvua ya Mwanza inaingia Ziwa Victoria inaishia Misri kwenye Mediteraniani, mvua ya Tabora na Kigoma inapita Malagarasi na Ziwa Tanganyika inatokea Kongo mpaka Atlantiki, ya kwetu na ya Rufiji na Ruvuma inaingia Bahari ya Hindi, na iliyobaki ya Eyasi, Manyara, Natron na Rukwa haifiki bahari yoyote. Hizo za mwisho azikumbuke maana nitazirudia kwenye matuta yako ya mchicha.

Sasa bwawa. Nyumba ya Mungu lilijengwa miaka ya 1960, na likijaa vizuri linabeba zaidi ya mita za ujazo bilioni moja. Kazi yake ni kupokea maji ya masika na kuyatoa polepole ili mitambo ya umeme izunguke, ya pale pale bwawani, halafu Hale, halafu New Pangani Falls iliyoanza mwaka 1995 na ndo kubwa kuliko zote kwenye mto huu, megawati 68. Watu wanasahau kitu kimoja, umeme wa maji hauli maji. Yanapita kwenye tabaini yanatoka upande wa pili, yanakuja kwako. Wanaokula maji ni mashamba ya umwagiliaji ya juu, miwa na mpunga wa chini ya Moshi, mboga na maua ya upande wa Arusha, mifereji ya wakulima wadogo maelfu kwa maelfu, na jua lenyewe linalofyonza bwawa na yale mabwawa ya nyasi ya Kirua chini yake.

Kwa hiyo nikikupimia bwawa kwa haki, lina ubaya na uzuri wake. Ubaya ni kwamba limekata mafuriko, na mafuriko ndo yalikuwa yanasukuma chumvi kuitoa mpaka mlangoni mwa bahari na kuleta udongo wa kujenga fukwe, siku hizi udongo mwingi unazama huko juu na wa Pangani mjini wanapigana na bahari kwa kuta. Uzuri wake ni kwamba kiangazi kama hiki, Mkomazi na Luengera zikiwa zimesinyaa, maji unayoyaona yakipita kwako mengi ni yale yaliyotunzwa. Wangelifunga kabisa kama watu wanavyosema, ungejua, chumvi ungeionja mpaka mbali sana juu.

Halafu kuna ushahidi umenipa mwenyewe bila kujua. Umesema unavuta saa kumi na mbili asubuhi kila siku, na siku nyingine maji ni tamu siku nyingine ni chumvi. Dada, bahari haiendi kwa saa ya ukutani. Maji kujaa na kupwa kunachelewa kama dakika 50 kila siku. Ina maana kama Jumatatu saa kumi na mbili umekuta mto umepwa, Jumatatu inayofuata saa hiyohiyo utaukuta umejaa, dakika 50 mara siku saba ni karibu saa sita. Hakuna mtu anayefungua na kufunga bwawa kwa mtindo huo, na hata angefanya hivyo maji ya kutoka kule hayakufikii kesho yake, yana safari ya siku nyingi. Hiyo ni bahari inapanda mtoni na kushuka, wewe unaikuta kila siku kwenye hatua tofauti.

Inapandaje? Maji ya chumvi ni mazito kuliko maji baridi, lita elfu moja za bahari zina uzito wa kilo 1,025 hivi, za mto kilo 1,000. Tofauti ni ndogo lakini inatosha. Bahari ikijaa haisukumani na mto uso kwa uso, inaingia chini kama kabari, inatambaa sakafuni huku maji ya mto yanateleza juu yake kwenda nje. Kwa macho unaona mto unashuka kama kawaida, rangi ileile ya chai ya maziwa, kumbe mita mbili chini ni bahari. Na wewe ule mpira wako wa kuvutia umeuzamisha mpaka chini, si ndio? Wengi wanafanya hivyo wanaogopa mashine isivute hewa. Basi unavuta chumvi huku maji tamu yanapita juu yake.

Jinsi kabari hiyo inavyofika mbali kunategemea vitu viwili, nguvu ya mto kutoka juu na nguvu ya bahari kutoka chini. Mwezi wa kwanza mpaka wa tatu mto uko chini, vuli imeisha, masika bado, na wakati huohuo bamvu (zile siku za mwezi mwandamo na mwezi mpevu, bahari inapojaa na kupwa kwa nguvu) za kuelekea mwezi wa tatu huwa kubwa kuliko za miezi mingine, pwani hii ya Tanga maji yanaweza kupanda na kushuka mita tatu na nusu mpaka karibu nne. Yote mawili yanakuangukia wewe pamoja. Juu ya hapo bahari za dunia zimepanda kama sentimita 20 tangu mwaka 1900, unaweza kuona ni kidogo ila mto huu ukishafika kwenu ni tambarare mno, sentimita chache za bahari ni umbali mrefu mtoni. Kwa hiyo sikudanganyi kwamba mambo yatarudi kama enzi za baba yako. Ukiona miche ya mikoko inaota mahali ambapo zamani hapakuwa na mikoko, hapo chumvi imeshahamia, mmea hauoti kwa uvumi.

Tuje kwenye kisima maana hapo ndo kuna hela yako. Kwanza hakuna mto chini ya ardhi hapo kwako. Maji ya chini yanakaa kwenye nafasi za mchanga na kwenye vitundu vya matumbawe ya kale, yamelowesha tu, yanatembea polepole sana. Pwani mvua inayozama inaweka tabaka la maji tamu linaloelea juu ya maji ya chumvi yaliyoingia kutoka baharini na mtoni, ni uzito uleule niliokueleza. Kuna hesabu ambayo watu wa maji wanaitumia dunia nzima: kwa kila mita moja ambayo maji ya kisima yako juu ya usawa wa bahari, chini yake kuna kama mita 40 za maji tamu kabla hujagusa chumvi. Inaonekana nyingi, eti? Sasa igeuze. Kando ya mto kama hapo kwako maji ya kisima yanaweza kuwa juu ya bahari kwa sentimita 30 tu, hapo unene wa maji tamu ni mita 12. Huyo fundi wa mita 60 atalipita tabaka lote kabla hajafika hata robo ya kazi yake.

Na hesabu hiyo inakata pande zote. Ukishusha maji kwa sentimita 10 kwa kuvuta sana, chumvi ya chini inataka kupanda mita nne, na inapanda pale pale chini ya kisima kama kichuguu. Ndo kilichotokea kwa jirani. Sola haina ubaya, mimi mwenyewe naishauri kila siku, lakini mashine ya petroli ilikuwa inazimwa kwa sababu mafuta yanauma, sola haiumi mtu mfukoni basi inavuta toka jua linachomoza mpaka linazama, tanki linafurika na hakuna anayekwenda kuzima. Visima vyenu vinakula sahani moja. Usiende kwake kwa ugomvi, nenda mkae, mwambie aweke boya la kuzima pampu tanki likijaa na avute kidogo kidogo, asubuhi kidogo, jioni kidogo, na yeye kisima chake kitakuwa cha kwanza kuharibika maana ndiye aliye juu ya kichuguu. Ikishapanda, chumvi haishuki kwa wiki, inangoja masika, wakati mwingine masika zaidi ya moja.

Kabla ya kuamua chochote, pima. Kuna kipimo kidogo kama kalamu kinachopima chumvi ya maji kwa umeme, maduka ya pembejeo na ya vifaa vya maabara wanavyo, mnaweza kununua kimoja watu watano sita mkagawana. Kinasoma kwa maikrosiemensi. Maji ya bahari yanasoma kama 50,000. Maji ya kunywa kwa viwango vyetu yasizidi 2,500. Maharage ni mtoto wa kudeka, yanaanza kupunguza mavuno hata kabla ya 1,000, nyanya inavumilia mpaka karibu 1,700, minazi ndo jeuri kabisa itakuwepo wakati vingine vyote vimelala. Kwa hiyo kama kisima chako kinasoma 1,800, bado ni maji ya kunywa ila si maji ya maharage, umeona tofauti?

Mtoni pima juu na chini. Chukua chupa ya lita moja, ifunge jiwe, izibe na kizibo chenye kamba yake, izamishe mpaka mita mbili halafu vuta kizibo ijae huko huko chini, ipandishe, halafu chota nyingine ya juu juu. Onja zote mbili, utatema moja. Fanya maji yakijaa na yakipwa, siku za bamvu na siku za maji mafu (zile za nusu mwezi, bahari inapojaa na kupwa kidogo), uandike kwenye daftari la mtoto. Na tafadhali usifanye peke yako wala jioni, mto ule una mamba na wewe unajua kuliko mimi.

Ukishajua hivyo, kuvuta mtoni bado kunawezekana. Unavuta mwisho wa kupwa, na kumbuka kwako juu ya mto kupwa kunachelewa kuliko mlangoni mjini, kwa hiyo ratiba ya wavuvi wa Pangani uiongezee muda mpaka ujue kwako inachelewa kwa muda gani. Ile nonrita (vali ya mdomoni inayozuia maji kurudi) ya mpira wako ifunge kwenye dumu tupu la lita 20 lielee, mdomo ukae chini ya uso wa maji kama shibiri moja na nusu, usivute mchanga wala hewa, hapo unakwangua ya juu tu. Siku za maji mafu mto unakaa matabaka vizuri zaidi, ya juu ni tamu, basi siku hizo jaza kila chombo ulichonacho. Siku za bamvu, maji yote yanachanganyika, pumzisha mashine. Mchicha ukikaa siku mbili bila maji unanyauka unarudi, ukinyweshwa chumvi haurudi.

Na hapa ndo pa Ziwa Natron. Yale maziwa yasiyo na mlango ni ya magadi kwa sababu maji yanaingia na chumvi kidogo kidogo, jua linanyonya maji, chumvi inabaki, mwaka baada ya mwaka. Tuta lako ni hivyohivyo. Ukimwagia maji yenye chumvi kidogo kidogo juu juu kila siku, maji yanapaa chumvi inabaki, baada ya muda utaona unga mweupe kwenye mabonge ya udongo, na ukiona huo unga ujue udongo una chumvi kuliko maji yenyewe. Dawa yake ni maji tamu mengi kwa mara moja yashushe chumvi chini ya mizizi, na ya bure ni ya masika. Kwa hiyo mvua zikianza usikimbilie kupanda siku ya kwanza, chimbua matuta, fungua mitaro ili maji ya kuoshea yapate pa kutokea, yasituame. Weka nyasi kavu juu ya tuta, jua lisinyonye. Maharage yahamishie upande wa juu wa shamba mbali na mto, bamia na mchicha vitavumilia zaidi. Watu wa mazingira nao watakwambia habari ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, sheria ya mwaka 2004 hiyo, shughuli za kudumu zisifanyike hapo, basi kuhamisha matuta juu kutakusaidia pande zote.

Kwa maji ya nyumbani nakushauri kwa nguvu zaidi paa kuliko shimo. Milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ya bati ni lita moja kamili. Ukanda wetu tunapata milimita 1,000 na zaidi kwa mwaka. Nyumba yenye bati la mita za mraba 60 ni lita 60,000, toa moja ya tano inayorukia pembeni na ile ya kwanza unayoimwaga maana imeosha kinyesi cha popo na vumbi, unabaki na karibu lita 48,000. Hutazihifadhi zote, hakuna mwenye simtanki la hivyo, lakini tanki la lita 5,000 likijazwa mwisho wa vuli ni maji ya kunywa na kupikia ya familia ya watu watano, lita 10 kila mmoja kwa siku, kwa miezi mitatu na zaidi. Hiyo ndo miezi inayokusumbua. Hela ya advansi ya fundi inaanza kununua hilo tanki.

Kuchemsha, dada, kunaua vijidudu tu, chumvi haiguswi, tena maji yakipungua sufuriani chumvi inakolea zaidi. Dawa za kutibu maji nazo hivyohivyo. Kama nyumbani kuna mtu mwenye presha, mwenye figo, mjamzito au mtoto mchanga, asinywe ya hicho kisima mpaka yapimwe, na mwenye presha akamuone daktari amwambie wazi kwamba maji anayokunywa yana chumvi, madaktari huuliza habari ya chumvi ya mboga, ya maji hawaulizi.

Je, kuchimba hakufai kabisa? Kunafaa mahali pengine. Kinachookoa kisima cha pwani ni kusogea mbali na mto na kupanda juu, kina peke yake hakikuokoi. Kama ukoo una kipande kule mwinuko nyuma ya kijiji, kisima kifupi cha kule kinaweza kukizidi cha mita 60 cha kando ya mto mara kumi. Hapo hapo ulipo unaweza pia kuwa na visima viwili vitatu vifupi vya pete, kila kimoja kinavutwa kidogo kwa zamu, badala ya kimoja kinachokamuliwa. Ila ukiamua kuchimba kirefu popote, anza na upimaji wa ardhi kwa umeme, sevei, kwa mtaalamu mwenye leseni na kifaa, na simaanishi yule wa kutembea na vijiti viwili. Tabaka lenye chumvi linapitisha umeme kirahisi sana, linaonekana kwenye karatasi kabla hujalipia hata mita moja. Kwenye mkataba muandike kwamba chumvi ipimwe kila baada ya mita chache, ikianza kupanda wanasimama, na shimo likiharibika wanalijaza kwa saruji. Hilo la mwisho wengi wanaliruka. Shimo lililoachwa wazi linaunganisha maji tamu ya juu na chumvi ya chini, utakuwa umeharibu kisima chako na cha jirani wa jirani.

Kisima kirefu cha mashine kinataka kibali cha Bodi ya Maji Bonde la Pangani. Makao yao ni Moshi ila wana watu Tanga pia, nenda hata kama huchimbi, ukaripoti kwamba visima vya upande wenu vinaingia chumvi, maana kama hakuna aliyeandika basi kwenye vitabu vyao kwenu ni salama. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 inatanguliza maji ya matumizi ya nyumbani, yakifuatiwa na maji ya kulinda mto wenyewe, umwagiliaji na umeme wanakuja baada ya hapo. Kijiji kikiwa na jumuiya ya watumia maji mnaweza kulizungumza hilo kwenye vikao vya bonde, wa juu na wa chini mkiwa meza moja, mtu mmoja mmoja sauti yake haifiki Moshi. RUWASA (wakala wa maji vijijini) wilaya nao waulize mambo mawili, bomba la karibu linafika wapi na lini, na sampuli ya maji yako ipelekwe maabara gani.

Usingoje vipimo vyako vya daftari kama utaona haya: chumvi imepanda ghafla ndani ya siku chache badala ya wiki, maji yana harufu au rangi pamoja na ladha, au watu wa nyumba moja wanaharisha. Hayo si mambo ya bahari tena, inaweza kuwa choo au kitu kingine kimeingia, acheni kutumia kisima na muite afisa afya wa kata aje akione kwa macho, mimi kutoka hapa Tanga siwezi kukupimia kwa maandishi.

Kama hakuna dalili hiyo, pima bamvu moja na maji mafu moja, karibu wiki mbili hivi, kisima chako na cha jirani siku ileile na saa ileile, pampu yake ikiwa imezimwa tangu usiku. Niandikie namba hizo na umbali wa kila kisima kutoka ukingo wa mto, hata kwa hatua, nitakwambia kama kuna haja ya kumuita mtu wa sevei.